Nani Hupanga Mawimbi? Ushawishi wa Wafanyabiashara katika Ugavi wa Masafa ya Redio

Utangulizi

Tunapoyachunguza matangazo ya redio, sisi wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huangazia lugha. Huandika tasnifu kuhusu sajili ya utangazaji wa kandanda, kuhusu uchanganyaji ndimi katika vituo vya FM, na kuhusu taarifa za habari zinavyotafsiriwa mbio mbio kutoka Kiingereza. Ni nadra tujiulize sauti hiyo imepitia wapi hadi ikatufikia. Kabla mtangazaji hajafungua kinywa, kuna afisa wa serikali aliyeketi mbele ya jedwali la tarakimu akaamua kwamba sehemu hii ya mawimbi ni ya redio, ile ni ya simu, nyingine ni ya ndege na nyingine ni ya polisi. Na kabla afisa huyo hajaamua, kuna watu waliokwisha kumfikia na hoja zao. Wengi wao ni wafanyabiashara.

Makala haya yananuia kueleza njia ambazo kwazo wafanyabiashara huweza kuathiri maamuzi hayo, na kupima ni njia zipi zenye nguvu na zipi zenye kasoro. Mifano yetu tutaitoa hapa Kenya, hasa katika mgogoro wa kuhamisha televisheni kutoka mfumo wa analojia hadi wa dijitali, kwa kuwa ndio uliotufikia hadi sebuleni. Tangu awali tuseme kwamba hatuuchukulii ushawishi wenyewe kuwa uovu. Serikali haiwezi kupanga masafa bila taarifa za wanaoyatumia, na mwenye minara ndiye ajuaye inapokwamia. Suala letu ni namna ushawishi huo unavyofanywa, na ni nani anayeusikia ukifanywa.

Masafa na thamani yake

Mawimbi ya redio ni nishati isafiriyo bila waya. Idadi ya mitetemo yake kwa sekunde moja ndiyo iitwayo masafa, nayo hupimwa kwa hezi. Mitetemo milioni moja kwa sekunde ni megahezi moja. Zile namba tunazozitafuta kwenye redio ya FM, baina ya 87.5 na 108, ni megahezi. Kwa hiyo bendi nzima ya FM, pamoja na kelele zake zote, ina upana wa megahezi 20.5 tu.

Mambo mawili huyafanya masafa yagombaniwe. Kwanza, watu wawili wakitumia sehemu ileile, mahali palepale na kwa wakati uleule, huvurugana, na msikilizaji asipate chochote ila mikwaruzo. Pili, masafa hayalingani kwa thamani. Yaliyo chini, mathalani megahezi 700 au 800, husafiri mbali na kupenya kuta, hivyo mnara mmoja huweza kuhudumia eneo pana la mashambani. Yaliyo juu, kama vile megahezi 3500, hubeba data nyingi lakini hufifia upesi. Kampuni iliyopewa masafa ya juu pekee italazimika kusimamisha minara mingi zaidi ili iwafikie wateja wa Turkana au Tana River, ilhali mshindani wake mwenye masafa ya chini atafika huko kwa gharama ndogo. Uamuzi wa nani apewe nini, basi, huweza kuwa ndio uamuzi wa nani atafaulu sokoni.

Wengi huyafananisha masafa na ardhi, na katika nchi yetu ulinganisho huo huzindua kumbukumbu chungu. Hata hivyo, kuna tofauti moja muhimu. Ardhi ikilimwa vibaya huchakaa. Masafa hayachakai kamwe. Lakini pia hayawekwi akibani. Yasipotumiwa leo, faida ya leo imepotea moja kwa moja, na anayeyahodhi humnyima mwenzake bila yeye mwenyewe kuvuna kitu.

Ngazi za upangaji

Mfanyabiashara anayetaka kusikika hana budi kufahamu kwamba mpango wa masafa hautungwi katika ofisi moja. Ngazi ya juu kabisa ni Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, wenye makao yake Geneva. Kila baada ya miaka mitatu au minne muungano huu huitisha Kongamano la Dunia la Mawasiliano ya Redio, ambako mataifa hukubaliana bendi ipi itumiwe kwa huduma ipi. Kwa ajili hiyo dunia imegawanywa katika kanda tatu; Afrika imo katika kanda moja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Kura ni ya mataifa pekee. Hata hivyo, kampuni huruhusiwa kujiunga na muungano huo kwa kulipa ada, zikashiriki katika vikundi vya utafiti vinavyoandaa taarifa za kiufundi miaka kadhaa kabla ya kongamano. Aidha, ujumbe wa taifa huweza kuwajumuisha wataalamu walioajiriwa na kampuni. Kwa njia hii, mtu aketiye nyuma ya bendera ya nchi huweza kuwa analipwa mshahara na kampuni ya simu. Hilo si siri wala si haramu, ila wananchi wengi hawalifahamu.

Ngazi ya pili ni ya bara. Umoja wa Mawasiliano wa Afrika, ATU, ambao makao yake makuu yako Nairobi, huandaa msimamo wa pamoja wa Afrika. Umoja huu nao hupokea kampuni kuwa wanachama washirika. Ngazi ya tatu ni ya taifa: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, iliyoitwa Tume ya Mawasiliano (CCK) kabla ya sheria kufanyiwa marekebisho mwaka 2013, hutayarisha jedwali la kitaifa la ugavi wa masafa, hutoa leseni na kutoza ada.

Kadiri tunavyoteremka ngazi hizi, ndivyo nafasi ya kubadilisha mambo inavyopungua. Geneva kunaamuliwa kama bendi itakuwa ya televisheni au ya simu. Nairobi, mara nyingi, linalobaki ni kuamua nani kati ya wanaofaa ataipata, lini na kwa bei gani. Wafanyabiashara wengi wa humu nchini, wadogo kwa wakubwa, huanza kupiga kelele katika hatua hii ya mwisho.

Mgogoro wa dijitali

Mwezi Juni 2006, kongamano la kikanda lililofanyika Geneva lilikubaliana kwamba televisheni za analojia zingeacha kulindwa dhidi ya mwingiliano wa mawimbi ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Mfumo wa dijitali hupitisha idhaa nyingi katika nafasi iliyokuwa ikitumiwa na idhaa moja ya analojia, kwa hivyo masafa mengi yangebaki wazi. Mwaka 2007 kongamano la dunia lilikwisha kuamua kwamba katika kanda yetu megahezi 790 hadi 862 zitumiwe pia na simu. Msomaji atambue mfuatano huo. Miaka kadhaa kabla Mkenya wa kawaida hajalisikia neno king'amuzi, ilikuwa bayana kwamba sehemu ya uwanja wa televisheni ingeishia mikononi mwa kampuni za simu. Kampuni za simu duniani ziliifanyia kazi hoja hiyo kwa miaka mingi. Zilipeleka takwimu za ongezeko la data na vipimo vya mwingiliano, na zikapata zilichokitaka.

Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kupitia Signet, tawi la shirika la KBC. Hapo ndipo muundo mpya ulipojitokeza: anayetayarisha vipindi alitenganishwa na anayesambaza mawimbi. Chini ya mfumo wa zamani, kituo kilikuwa na studio yake, mnara wake na masafa yake. Katika mfumo mpya kingekodi nafasi kwa msambazaji mwenye leseni. Kwa kampuni zilizokuwa zimewekeza katika mitambo kote nchini, haya yalikuwa mabadiliko ya kutisha. Ni kama mwenye matatu kuambiwa abaki na abiria lakini gari aliachie mwingine.

Mwaka 2011 tume ilitangaza zabuni ya msambazaji wa pili. Royal Media Services na Nation Media Group ziliungana na kuwania, lakini leseni ikaiendea Pan African Network Group, kampuni yenye asili ya Uchina. Walioshindwa walikata rufaa katika bodi inayosikiza malalamiko ya zabuni za umma, nako wakashindwa. Kuanzia hapo njia iliyobaki ilikuwa mahakama. Tarehe ya kuzima analojia jijini Nairobi, iliyokuwa Desemba 2012, ilikwamishwa na kesi ya shirika la kutetea watumiaji bidhaa, lililolalamikia gharama ya ving'amuzi. Mwaka 2013 kampuni tatu, Royal Media, Nation na Standard, ziliwasilisha kesi yao. Mahakama Kuu iliitupa Desemba mwaka huo. Machi 2014 Mahakama ya Rufaa ikaipindua hukumu hiyo na kuzipa ushindi. Tarehe 29 Septemba 2014 Mahakama ya Juu nayo ikaupindua ushindi huo, ikairejesha leseni ya Pan African, lakini ikaiagiza tume ilizingatie ipasavyo ombi la kampuni zile tatu.

Mwishowe zilipewa leseni ya kujisambazia mawimbi yao wenyewe. Zikaomba muda zaidi wa kuagiza mitambo na ving'amuzi, zikanyimwa. Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilizimwa na idhaa zao zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Tunaokumbuka kipindi hicho tunajua jinsi nyumba nyingi zilivyokaa mbele ya skrini tupu, tarumbeta za taarifa ya saa moja zikiwa zimenyamaza.

Je, kampuni hizo zilishinda au zilishindwa? Jibu si jepesi. Zilipata leseni ambayo hazingeipata bila kushtaki, na kuzima kwa analojia kulicheleweshwa kwa zaidi ya miaka miwili. Ushawishi wa aina hii, wa kuchelewesha, una thamani yake kibiashara: kila mwezi uliopita ulikuwa mwezi mwingine wa matangazo ya biashara katika mfumo wa zamani. Lakini tazama kile ambacho kesi zote hizo hazikukigusa. Tarehe ya mwisho ya Geneva haikusogea hata siku moja. Kuwatenganisha watayarishaji na wasambazaji kulibaki kuwa kanuni. Masafa yaliyotengewa simu yalibaki ya simu. Majaji waliweza kuuliza kama leseni ilitolewa kwa haki, hawakuweza kuupanga upya uwanja.

Kesi hiyo iliacha jambo jingine la kudumu. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inataka utoaji leseni za utangazaji uwe huru kutokana na udhibiti wa serikali, wa wanasiasa, na pia wa maslahi ya kibiashara. Mjadala wa umma ulikita katika serikali, kana kwamba tishio hutoka upande mmoja. Kipengele cha maslahi ya kibiashara kinawahusu walalamishi vilevile. Mwenye kituo cha televisheni aliyeitumia taarifa yake ya habari kuitetea kesi yake, usiku baada ya usiku, alikuwa na ushawishi ambao muuza mahindi mwenye malalamiko dhidi ya serikali hawezi kuuota. Huo nao ni umilikaji wa mawimbi.

Bei na majaribio

Si ushawishi wote unaoishia mahakamani. Mara nyingi kinachobishaniwa ni ada. Mwaka 2007 Safaricom ililipa dola milioni 25 za Marekani kwa leseni ya kizazi cha tatu, yaani 3G. Washindani wake walishikilia kwamba kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno, na mwaka 2010 serikali ikakishusha hadi dola milioni 10. Safaricom, bila shaka, haikufurahi. Kijuujuu huu ni ubishi wa fedha. Kiini chake ni upangaji, kwa sababu ada huamua kampuni ngapi zitaingia katika bendi na kwa kasi gani. Ikiwa juu, aliyetangulia hubaki peke yake kwa muda. Ikishushwa ghafla, aliyethubutu mapema huadhibiwa. Hoja zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana zingefaa kutolewa hadharani.

Njia nyingine, ambayo kwa maoni yetu haijathaminiwa vya kutosha, ni ya majaribio. Mwaka 2013 mradi wa Mawingu, ulioungwa mkono na Microsoft, uliruhusiwa kujaribu intaneti katika eneo la Nanyuki kwa kutumia nafasi zilizoachwa wazi baina ya idhaa za televisheni. Mitambo yake iliendeshwa kwa nguvu za jua, na iliunganisha shule na zahanati. Hofu ya siku zote ya watangazaji ni kwamba matumizi ya aina hii yataharibu picha za televisheni. Jaribio hulijibu suala hilo kwa vipimo badala ya kulijibu kwa ahadi. Miaka kadhaa baadaye mamlaka ilitoa mwongozo wa kuyaruhusu matumizi hayo rasmi. Vivyo hivyo, mitandao ya kijamii ya intaneti, ile inayojengwa na wakazi wenyewe katika mitaa kama Kibera, iliwekewa utaratibu wake wa leseni mwaka 2021, baada ya waendeshaji na mashirika rafiki kuketi na mamlaka na kuonyesha kwamba leseni ya kampuni kubwa haikuwafaa. Hawa hawakuwa na mawakili wa bei ghali. Walikuwa na kitu kinachofanya kazi, na afisa angeweza kwenda kukitazama.

Milango ya nyuma

Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya kujenga mtandao wa mawasiliano na kamera za usalama kwa ajili ya polisi katika miji ya Nairobi na Mombasa. Kuambatana na mpango huo kampuni ilipata nafasi katika masafa ya megahezi 800, na mwishoni mwa mwaka ikazindua huduma ya 4G. Washindani walilalama kwamba hapakuwa na mnada wala mwaliko kwao. Huenda mpango huo ulikuwa na manufaa kwa usalama. Hatuna haja ya kulipinga hilo. Tatizo ni kwamba masafa ya thamani kubwa yaligeuzwa kuwa sehemu ya malipo ya kazi nyingine, na hivyo uamuzi wa upangaji ukafanywa ndani ya mkataba wa usalama, mahali ambapo umma hauingii. Utaratibu wa aina hii humwacha hata mnufaika na leseni yenye doa.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Julai 2024, mwaka mmoja baada ya Starlink kuanza kuuza intaneti ya setilaiti nchini. Safaricom iliiandikia mamlaka ikipendekeza kwamba kampuni za setilaiti zisipewe leseni huru bali zishirikiane na kampuni zilizopo, na miongoni mwa sababu zake ikataja hatari ya mwingiliano wa mawimbi. Barua hiyo ilipojulikana, iliibua ghadhabu nyingi za wateja. Kuandika barua ni haki ya kila mtu. Lakini hoja ya mwingiliano ni hoja ya kiufundi; hupimwa kwa vifaa, na mwenye kuitoa anapaswa kuambatanisha vipimo ili mpinzani avikague. Ikitolewa pamoja na maombi ya kumzuia mshindani, bila vipimo hivyo, msomaji ana haki ya kushuku.

Mfanyabiashara mdogo afanyeje?

Mwenye redio ndogo ya Kiswahili huko Kwale au Busia huenda akadhani kwamba haya yote ni ya wakubwa. Sheria, hata hivyo, imemwekea milango. Ombi la leseni kuu za mawasiliano hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 kuliwasilisha kwa maandishi. Kanuni mpya hazina budi kupitia ushirikishwaji wa umma, kwa mujibu wa Ibara ya 10 ya Katiba na sheria ya 2013 inayosimamia kanuni zitungwazo na mawaziri na mashirika ya umma. Kisha huwasilishwa bungeni, ambako zaweza kubatilishwa. Sheria ya 2016 kuhusu haki ya kupata habari humwezesha kudai kujua ni nani aliyepewa masafa gani. Na asiporidhika, lipo baraza maalumu la rufaa la mawasiliano kabla ya kufikiria mahakama.

Wasilisho linalosomwa na kuzingatiwa halihitaji kurasa 100. Linahitaji kutaja kifungu cha rasimu kinachopingwa, kueleza madhara yake kwa takwimu za mwandishi mwenyewe (mnara uko wapi, una nguvu kiasi gani, wasikilizaji wako wapi, gharama itapanda kwa shilingi ngapi), na kupendekeza maneno mbadala. Malalamiko ya jumla huhesabiwa. Pendekezo lenye maneno mbadala hujibiwa. Wadogo wakiungana katika chama kimoja, gharama ya mhandisi mmoja wa kupima mawimbi huwa nyepesi.

Kinachobaki ni kizingiti cha lugha, na hapa suala linaingia katika uwanja wetu. Nyaraka za mashauriano haya huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria na kiuhandisi, ilhali Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mtu anaweza kuendesha redio ya Kiswahili kwa miaka 10 na asiweze kusoma rasimu itakayoamua kama ataendelea kusikika. Istilahi za kumwezesha kujibu zipo: masafa, bendi, mwingiliano, ugavi, nguvu ya mtambo, eneo la upokezi. Zilizobaki zinaweza kuundwa, nasi tunatunukiwa shahada kwa kazi kama hiyo. Wasilisho lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu ni halali mbele ya shirika la umma, na vyama vya wanafunzi kama hiki chetu vinaweza kuanza kwa kutafsiri muhtasari wa rasimu moja tu kila mwaka, muda wa kutoa maoni ungali wazi.

Kongamano lijalo la dunia limepangwa kufanyika Shanghai, Uchina, mwaka 2027. Msimamo wa Afrika unaandaliwa chini ya ATU, ambao ofisi zake ni safari fupi ya matatu kutoka katikati ya jiji la Nairobi.